Msoma Mita

Gari la kampuni huishia langoni,
kwenye tao ambalo punda wawili hawapishani.
Kuanzia hapo ni mimi na ngazi,
mia mbili na kumi na nne. Nilizihesabu
mwaka wa kwanza kwa hasira,
siku hizi magoti huzihesabu yenyewe.

Pietravorna imeung'ang'ania mlima
kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.
Nyumba ya huyu imekalia paa la yule,
jiko la yule limechimbwa ndani ya mwamba,
na ukipiga chafya kwenye kibaraza cha juu
mtu wa chini anakujibu.

Nabeba tochi, daftari, ufunguo wa vifuniko.
Jina langu Fiorenza, lakini hapa naitwa Maji.
"Maji kaja!" hupaza Domitilla dirishani,
akishusha kikapu kwa kamba, na ndani yake
mayai mawili ndani ya gazeti la mwezi uliopita.
Miaka saba, sijapata kumwona
kuanzia kiunoni kwenda chini.

Mita ni arobaini na tatu.
Tisa zinazunguka.
Nyingine zimelala, sindano imeganda
pale ilipoachwa na mkono wa mwisho kufunga bomba:
kina Sgambati, Ubelgiji, migodini, kisha hakuna barua;
ndugu wawili Ceccarini, makaburini,
wa pili kamfuata wa kwanza baada ya siku nne;
mwalimu Argia, kwa bintiye mjini,
aliyesema atarudi kuchuma tini.
Tini zimejiangukia mara tisa.
Kizingiti chake kimelika katikati
kama kipande cha sabuni,
visigino vya karne na karne, na vyangu.

Naandika sifuri.
Naandika sifuri.
Kalamu imeijua njia.

Siku ile nilichelewa. Jua lilishafika kengeleni,
mbayuwayu wakikata hewa kama mikasi,
nami nikapiga magoti kwa mwalimu Argia,
nikafuta utando wa buibui kwenye kioo,
nikakuta sindano inatembea.

Taratibu, ndiyo. Haba na haba,
katika nyumba isiyo na kinywa.

Nikadhani bomba limepasuka.
Nikasukuma mlango, haukuwa na komeo.
Jikoni, kalenda ya mwaka ule ule,
kiti kimoja, sinki la jiwe,
na maji, membamba kama uzi,
yakianguka juu ya sahani ya bati
iliyowekwa kifudifudi, ilie vizuri.

Nikatoka. Mlango wa pili uko wazi:
Quirino, miaka themanini na minane,
suruali kaifunga kwa kamba ya marobota,
bakuli la dengu mapajani,
sikio kalilaza ukutani.
Hakushtuka.

"Saa moja kasoro robo," akasema,
"ndiyo saa yake ya kuosha vyombo.
Miaka hamsini nimekula chajio nikimsikia.
Hapakuwa na lolote kati yetu,
usije ukaliandika na hilo.
Tuligombana kwa ajili ya mfereji wa paa,
hatukusalimiana tangu bei ya mkate ikiwa senti.
Ila ukuta huu ukinyamaza
chakula hakishuki."

Akatafuna. Akaniashiria kwa kijiko nikae.
Nikakaa. Kweli, ukutani mlisikika mtu.

"Sasa mimi niandike nini?"
"Andika kilichopo. Bili naiendea posta mwenyewe,
miaka minane. Karani anajua."

Nikaandika: lita mia nne na kumi na mbili.
Nafasi ya maelezo ni ndogo, haitoshi jina,
nikaiacha wazi.

Kupanda mchongoma, wanasema;
mimi kushuka kwangu kulikuwa gizani,
kiganja kikipapasa mawe yenye joto bado
kama mgongo wa mnyama aliyetoka kulima.
Juu yangu mtu alifunga bomba.
Nilisikia.

Langoni ndipo nikagundua yai moja
limepasuka mfukoni, limelowesha daftari,
ukurasa wa kina Sgambati wote:
sifuri zao manjano, zinanata,
nami sina hata kitambaa.